Kaunta ya Palace

Moto ulioteketeza mji wa Prescott, Arizona, usiku wa Julai 14, 1900, haukuiacha Whiskey Row, ile safu ya baa iliyojipanga kwenye mtaa wa Montezuma. Wenyeji husimulia kwamba wateja wa Palace, baa iliyofunguliwa mwaka 1877, waliibeba kaunta yake ya mbao ya nakshi, wakaivusha barabara hadi kiwanja cha mahakama, kisha wakaagiza vinywaji vingine huku mtaa ukiwaka mbele yao. Chumvi imo, kaunta ile si kigoda. Hata hivyo, mtu akishayajua maisha ya wachimba madini wa wakati ule, hashangai kwamba walianza na kaunta.

Wengi wao walifika bila ndugu, wakalala vyumba vya kupanga. Baa ndiyo iliyokuwa baraza lao. Hapo walipata habari za machimbo mapya, wakatafuta kazi, wakauziana haki za kuchimba, wakacheza kamari hadi usiku wa manane. Kunywa kulikuwa na adabu yake: mwenye fedha huwanunulia wenzake, nao humrudishia zamu yao ikifika, na kukataa glasi ya mtu kulihesabiwa dharau. Baa nyingi za Marekani siku hizo ziliweka hata chakula cha bure kwa aliyenunua kinywaji. Ukarimu huo ulikuwa na hesabu ndani yake, maana vyakula vilitiwa chumvi nyingi, na mwenye kiu hanunui glasi moja. Lakini baraza hilo lilikuwa la nusu ya mji tu. Mwanamke aliyejali jina lake hakukanyaga mlangoni.

Palace ilijengwa upya kwa matofali mwaka 1901, na kaunta ikarudishwa ndani. Kamari ilipigwa marufuku Arizona mwaka 1907. Pombe ikafuata mwaka 1915, miaka mitano kabla ya nchi nzima, na haikuruhusiwa tena hadi 1933.

Mwaka 1972 sinema ya Junior Bonner, aliyoigiza Steve McQueen, iliwaonyesha watazamaji ugomvi wa ngumi humo humo Palace. Leo ni mkahawa na baa kwa pamoja. Akina mama huingia na watoto wao, wakaagiza nyama ya kuchoma hatua chache kutoka kwenye kaunta ile ile.