Bonnie na Clyde: Bibi Harusi Asiyeonekana Filamuni

Filamu ya Bonnie and Clyde, iliyoongozwa na Arthur Penn mwaka 1967, imefuatwa na nyingi za wapenzi wanaoukimbia mkono wa sheria. Vijana wetu hutazama hizo mpya katika simu zao pasipo kujua zilikotoka. Tumeona vyema tuzieleze familia asili yake.

Warren Beatty na Faye Dunaway, waigizaji wenye sura za kupendeza, wanaiba benki, wanacheka, wanapendana. Mwisho wanamiminiwa risasi kwa picha za mwendo wa polepole, na mtazamaji huondoka akiwalilia wao.

Watu wenyewe walikuwapo. Bonnie Parker na Clyde Barrow walikutana Texas, Marekani, mwezi Januari 1930, katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi. Filamu haisemi kwamba Bonnie alikuwa mke wa mtu: aliolewa mwaka 1926 kabla ya kutimiza miaka 16, hakupata kuachwa, na siku ya kufa pete ya mumewe ilikuwa kidoleni mwake. Wala haionyeshi jinsi mguu wake ulivyoungua katika ajali ya gari mwaka 1933, hata akawa wa kubebwa. Mara nyingi walichopora hakikuwa benki, bali vijiduka na vituo vya petroli. Tarehe 23 Mei 1934 maaskari sita waliwavizia Louisiana wakawaua. Bonnie alikuwa na miaka 23, Clyde 25.

Lililo zito zaidi ni hili. Tarehe 1 Aprili mwaka huohuo, karibu na mji wa Grapevine, Texas, kundi lao liliwaua askari wawili wa doria ya barabarani. Mmoja alikuwa kijana aliyebakiza siku chache afunge ndoa. Mchumba wake alikwenda mazikoni akiwa amevaa gauni lake la harusi.

Huyo naye alikuwa mpenzi, ila filamuni hayumo. Filamu za namna hii hutufanya tuwapende wawili kwa kutuficha waliofiwa kwa sababu yao. Hatukani ustadi wa filamu hiyo, ambayo ilipata tuzo mbili za Oscar. Twasema ustadi huo ndio unaomtaka mtazamaji awe macho.

Basi mzazi, ukimkuta mwanao akitazama hadithi kama hiyo, usikimbilie kuizima. Keti naye, kisha umwulize: yule aliyeuawa pale dukani alikuwa mume wa nani, na nani alimngoja nyumbani jioni ile?