Kompyuta ya Zamani Bado Ina Kazi

Mbele ya kugusa pesa ya minervali ili kununua kompyuta mpya, tazameni ile ya zamani. Yangu ilikuwa na memori ya GB 2. Kuandika maswali ya mtihani kulikuwa kungoja tu. Fundi aliongeza GB 4, na sasa watoto wanaisomea pia.

Memori ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4: mwende na ile ya zamani, mlinganishe. Katika kompyuta nyingine nyembamba imeunganishwa moja kwa moja, haibadilishwi. Mwulize fundi mbele ya kulipa. Azime mashini, achomoe waya na kutoa betri kwanza. Faili zenu hazitapotea. Ziko kwenye diski.