Plaketi zinaisha upesi? Angalieni kolonete za freni

Mwaka uliopita Corolla ya koperative yetu ilibadilishwa plaketi za mbele mara mbili ndani ya miezi sita. Kila mara pesa ilitoka katika kasha la wote, na katika mkutano watu wakaanza kunung'unika kwamba shofere anakanyaga freni vibaya. Siku moja tulikuwa tunateremka kutoka Lubero kwenda Butembo na mifuko ya mbegu za viazi nyuma. Gari ikaanza kuvuta kushoto, hata bila kukanyaga freni. Tuliposimama, jante ya mbele kushoto ilikuwa moto sana na inanuka kama kitu kinaungua.

Fundi mmoja mzee wa Butembo alitoa gurudumu, akatuita wote tuangalie. Plaketi ya ndani ilikuwa imeisha karibu kufika chuma. Ya inje ingali nene. Akasema: «Ndugu zangu, munanunua plaketi bure. Kolonete ndizo zimekamata.»

Kolonete ni vile vijiti viwili vya chuma vinavyobeba etriye. Katika gari kama Corolla, pistoni iko upande wa ndani tu. Ukikanyaga, pistoni inasukuma plaketi ya ndani, halafu etriye yote inateleza juu ya kolonete na kuvuta ile ya inje. Kolonete zikiingia kutu ao matope, etriye haitelezi tena. Plaketi moja inafanya kazi yote, na hairudi vizuri mukiachilia. (Land Cruiser nyingi za zamani ziko na etriye isiyotembea mbele, pistoni pande zote mbili, hizo hazina kolonete mbele.)

Kazi yenyewe haichukue saa nyingi. Wekeni mawe kwenye magurudumu mengine, inueni na kriki, kisha tegemezeni gari juu ya kitu kigumu. Kriki peke yake haitoshi. Etriye ikitoka, ifungeni na waya, isining'inie kwa mpira wa mafuta, na mtu asikanyage freni wakati ule, juu pistoni inaweza kutoka. Kila kolonete irudi katika tundu lake: mara nyingi moja iko na kampira kwenye ncha, ingine haina. Pangusa kutu yote, safisha na tundu. Kama chuma kimeliwa na kutu, ao kampira ka kuzuia vumbi kamepasuka, nunua kapya. Ukikaacha, barabara yetu ya vumbi na matope itarudisha shida ile ile.

Hapa kwenye grese ndipo wengi wanaharibu, hata sisi tulikuwa tunafanya hivyo. Grese ya kawaida ya rulema inavimbisha mpira, na kolonete inakamata zaidi. Mazuti na esansi pia hapana. Ombeni grese ya silikoni ao ile ya freni inayovumilia moto, na pakeni kidogo tu. Ikijaa tundu, hewa inafungwa ndani na kolonete inasukumwa inje. Mukimaliza, ipaswe kuteleza kwa nguvu ya mkono tu.

Mbele ya kuondoka, kanyageni freni mara nyingi mpaka iwe ngumu. Jaribuni kwanza mahali pa sawasawa, si kwenye mtelemko.

Sasa shofere wetu anafungua kolonete kila mara plaketi zinabadilishwa, na tena kila mwaka kisha mvua kubwa. Anaandika tarehe katika daftari ya gari, karibu na hesabu ya mafuta.