SAUTI ILIYOKAUKA NAYO HUPIMWA



Hakuna mchimbaji, awe wa Misisi au wa milima ya Fizi, anayekubali dhahabu yake ipimwe kwa macho. Mnunuzi akisema, "Hii ni kidogo," ataambiwa alete mizani. Lakini mtu akifika dispanseri na sauti iliyokauka, sisi sote tunaipima kwa masikio tu. Mke wake anasema imezidi kuharibika. Kapita anasema ni ile ile ya mwaka jana. Mgonjwa mwenyewe, kwa sauti ya chura, anasema leo ni afadhali. Tuandike neno la nani katika daftari? Kwa hiyo leo tutaeleza namna sauti ya mtu inavyopimwa kwa namba, na namba hiyo inasaidia nini.

Sauti inatoka wapi

Gusa kile kinundu kinachopanda na kushuka kooni mwa mwanaume anapomeza mate. Hapo ndipo lilipo koromeo, na ndani yake mna mikunjo miwili ya nyama laini iitwayo nyuzi za sauti. Ukipumua zinaachana. Ukitaka kusema zinakaribiana, na hewa itokayo mapafuni inazisukuma zipigane haraka sana: kwa mwanaume mara 100 hadi 130 kwa sekunde moja, kwa mwanamke kama mara 200, kwa mtoto mdogo mara 300 au zaidi.

Nyuzi zikiwa nzima, kila pigo linafanana sana na lile lililotangulia. Lakini uzi mmoja ukivimba, ukiota kinundu, ukipata kidonda, au ukilala bila nguvu, mipigo inaanza kuyumba, na hewa inavuja katikati bila kugeuka sauti. Sikio linasikia mkwaruzo. Mashine inahesabu mkwaruzo huo ni kiasi gani.

Namna ya kupima

Mgonjwa anakaa mahali penye kimya, kipaza sauti kikiwa umbali ule ule kila mara, naye anavuta hewa na kusema "aaa" kwa sekunde chache bila kupandisha wala kushusha. Tunarudia mara tatu. Kwa bahati njema "a" ya Kiswahili ni moja tu, haibadiliki kama zile za Kifaransa, kwa hiyo wa Baraka na wa Fizi wanaitamka sawasawa. Kisha anasema maneno machache ya kawaida, maana kuna sauti zinazosimama vizuri katika "aaa" lakini zinavunjika mtu anapoongea.

Kompyuta ya kawaida inatosha kwa kazi hiyo. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Paul Boersma na David Weenink, walitengeneza programu iitwayo Praat, neno ambalo kwa Kiholanzi maana yake ni "ongea". Inatolewa bure, na waganga wa sauti katika nchi nyingi wanaitumia.

Programu hiyo inatazama kwanza muda wa kila pigo. Ukigawanya sekunde moja katika sehemu elfu, pigo moja la sauti ya mwanaume linachukua kama sehemu 8. Kwa mtu mzima wa afya, tofauti kati ya pigo na pigo linalofuata kwa kawaida haifiki 1 kwa 100. Halafu inatazama nguvu ya kila pigo. Hapo tofauti ya kawaida ni chini ya 4 kwa 100 hivi. Tatu, inalinganisha sauti safi na uvumi wa hewa inayovuja. Sauti nzima ikisema "aaa" hufika karibu desibeli 20, yaani sauti safi ina nguvu mara 100 kuliko uvumi. Ikiteremka hadi desibeli 0, uvumi na sauti vimelingana, na huyo mtu hata gizani utamjua kwamba koo lake ni gonjwa.

Msishike namba hizi kama sheria ya serikali. Kipaza sauti kingine au programu nyingine hutoa namba nyingine kidogo. Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, kwa chombo kile kile: kabla ya dawa na baada ya dawa, kabla ya kupasuliwa na baada yake. Mfano ni mgonjwa wa tezi ya shingo, yaani rovu. Jimbo letu linaijua: kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, waganga waliichunguza kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1960, na sababu kubwa ilikuwa ukosefu wa aiodini. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti unapita nyuma tu ya tezi hiyo. Tezi ikikua inaweza kuubana, na kisu cha mpasuaji kinaweza kuugusa. Sauti ikipimwa kabla ya operesheni, baadaye hapatakuwa na ugomvi kama iliharibika hospitalini au ilikuwa hivyo tangu nyumbani.

Mashine haioni

Hapa msikilize vizuri. Namba inasema sauti imeharibika kiasi gani. Haisemi imeharibiwa na nini. Kinundu cha mwimbaji wa kwaya na kansa inayoanza vinaweza kutoa namba zinazofanana. Tena sauti ikiharibika kabisa, mashine hujikuta inahesabu mipigo isiyokuwepo, na namba yake haina thamani. Ili kujua sababu, ni lazima munganga aingize kioo au kamera aone nyuzi zenyewe. Wa kwanza kuziona vizuri zikifanya kazi hakuwa hata munganga: ni Manuel Garcia, mwalimu wa nyimbo kutoka Hispania, ambaye mwaka 1854 alijitazama kooni kwa vioo viwili na mwanga wa jua.

Tena msidanganywe na simu. Ukinasa sauti karibu na mashine ya kusaga mawe, kompyuta itapima mashine, si koo. Na sauti iliyotumwa kwa WhatsApp imekwisha kubanwa ili ipite upesi. Munganga anaweza kuisikiliza, lakini si nzuri kwa kipimo.

Saa ya mkono inatosha kwa kuanza

Kuna vipimo viwili visivyohitaji kompyuta, na hata nyumbani mnaweza kuvifanya. Vuta hewa ujaze kifua, sema "aaa" kwa sauti ya kawaida hadi hewa iishe, mwenzako akitazama saa. Mtu mzima mwenye afya huwa anafika sekunde 15 au zaidi. Asiyefika 10, hata akijaribu mara tatu, hewa yake inavuja, au mapafu yake ni dhaifu.

Kutenganisha hayo mawili, fanya hivi. Sema "sss" hadi mwisho wa hewa, upumzike, kisha sema "zzz" hadi mwisho. Weka kidole kooni: kwa "sss" hakuna kinachotikisika, kwa "zzz" nyuzi zinafanya kazi. Kwa mtu mzima wa koo, muda wa herufi hizo mbili unakaribiana. Ikiwa "sss" inakwenda sekunde 18 lakini "zzz" inakatika kwenye 10, mapafu ni mazuri. Taabu iko kwenye nyuzi. Zote mbili zikiwa fupi, tutatafuta kwenye kifua.

Kifua si jambo dogo kwetu. Vumbi la mawe linadhoofisha mapafu na kufungua mlango kwa kifua kikuu, na kifua kikuu kinaweza kushika hata koromeo. Mtu huyo anaambukiza wenzake kwa urahisi sana. Kwa hiyo mwenye sauti iliyokauka pamoja na kikohozi, jasho la usiku na kukonda, tunamchunguza makohozi kabla ya kumwambia "aaa".

Na kelele nayo inaumiza. Mwaka 1911 munganga Mfaransa Étienne Lombard alionyesha kwamba mtu akiwa ndani ya kelele anapaza sauti bila kujua. Ndivyo mnavyofanya kwenye mashine, zamu nzima. Tumieni ishara za mikono mlizofundishwa. Kunywa maji, punguza tumbako na lotoko. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzisha koo, na mafuta ya taa si dawa: yakiingia mapafuni yanaweza kuua.

Nani aje

Sauti iliyokauka kwa mafua hurudi yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Ikipita wiki tatu, njoo, hata kama huna maumivu. Usingoje kabisa ukitema damu, ukimeza bugali kwa shida, au ukiona uvimbe shingoni. Mtoto ambaye sauti yake imekauka na anapumua kwa mlio apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Baraka au Uvira, popote palipo karibu.

Najua wengine wanaficha, wakihofu kwamba namba mbaya itawaondoa kazini. Namba ya sauti ni siri ya mgonjwa, kama kipimo cha damu yake. Haisomwi mbele ya kapita. Wengine wanasema wamefungwa sauti na jirani, nao wanapoteza miezi wakitafuta aliyewafunga. Kansa ya nyuzi za sauti, ikishikwa mapema, mara nyingi inapona. Miezi hiyo ndiyo inayohesabika.

Mje asubuhi kabla ya zamu, maana baada ya kupiga kelele siku nzima hata koo zima hutoa namba mbaya. Na mwenye karatasi ya kipimo cha zamani aje nayo.