Nani Alimzaa Nani Kibera?

Kwetu mwambao, mtu akikuuliza "wewe ni wa nani?" haulizi jina lako. Amtaka babako, na baba wa babako, na ukimpa nafasi atafika mpaka kwenye makaburi. Nilipokuwa chuoni, kabla sijaweza kuandika barua ya salamu, nilikuwa nimekwisha kuhifadhi majina ya wazee wangu saba kwenda juu, na maalim akinirudi nilipokosea kama alivyonirudi katika msahafu. Basi nilidhani mambo ya nasaba nayajua. Nilipokwenda Olympic nikaona kwamba nilikuwa nimesoma juzuu ya kwanza tu.

Olympic, kwa msomaji asiyeijua Nairobi, ni mtaa wa nyumba za mawe ubavuni mwa Kibera, na jina hilo ndilo utingo wa matatu huliimba kutwa. Jirani yake pana mtaa uitwao Fort Jesus. Mimi mtu wa Mombasa nilipolisikia jina hilo nikatoa kichwa dirishani kutafuta mizinga, nisione ila nguo zilizoanikwa. Kabla mitaa hii haijajengwa baada ya Uhuru, ardhi hiyo ilikuwa mashamba ya Wanubi, na wazee wao mpaka leo hawasemi Kibera. Husema Kibra, neno la lugha yao lenye maana ya msitu.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, mjane, mwenye kusema Kiswahili kilichonyooka na Kinubi kilichonichekesha na kunifunza. Kinubi kimezaliwa na Kiarabu cha askari wa Sudani, kwa hiyo nilikuwa nikidaka neno hapa na neno pale. Alipomwambia mjukuu wake alete "moyo" nilidhani ni mapenzi. Kumbe ni maji ya kunywa.

Mjukuu huyo ndiye aliyeniita. Miaka kadhaa iliyopita, alipotimiza umri wa kuchukua kitambulisho, alifika katika ofisi moja ya serikali na cheti chake cha kuzaliwa, akaambiwa hakitoshi. Alete karatasi za babake. Akazileta. Alete za babu. Wenzake wa shule waliochukua fomu siku hiyo hiyo walipata vitambulisho kwa wiki chache; yeye alizunguka mwaka na zaidi, akiulizwa na watu wazima waliokaa nyuma ya meza kwamba babu wa babu yake alitoka wapi. Hatimaye alikipata. Lakini swali likamkaa kooni, akanunua daftari, akaanza kuandika nani alimzaa nani. Alikwama kwa baba wa babu.

Si yeye peke yake aliyepitia hayo. Kwa miongo kadhaa vijana wa Kinubi walipelekwa mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kipande, na shauri hilo lilifika mbali. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi, na huo ndio uamuzi wa kwanza kabisa ambao kamati hiyo ilipata kuutoa. Wengine wetu huchimbua nasaba kwa kujifurahisha, wakati wa jioni, kama mtu anayetega bao. Kibera, asiyeijua nasaba yake aliweza kukosa kazi, akaunti ya benki na kura.

Na kinachochoma zaidi ni kwamba watu hawa hawakujileta. Wazee wao walikuwa askari. Wako waliokuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani, wakakatikiwa na njia kwa vita vya Mahdi, na mwaka 1891 Lugard akawachukua pamoja na Selim Bey wao kuwaingiza Uganda. Wako walioandikwa Misri, wakashushwa kwa meli papa hapa Mombasa. Mwaka 1902 jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wetu hulifupisha wakasema Keya, lilipoundwa, Wasudani ndio waliokuwa uti wake. Kuanzia mwaka 1904 hivi, wastaafu na jamaa zao wakapewa kukaa Kibera, karibu na kambi. Mwaka 1918 ardhi ile ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Wakapanda mahindi, wakafuga, wakazika. Hati ya ardhi hawakupewa. Tume ya Ardhi ya Carter, katika ripoti yake ya mwaka 1934, ikasema hao ni wapangaji tu kwa hiari ya Taji. Hati ilikuja Juni 2017, kwa jina la jamii nzima, na ilikuwa ya ekari 288. Msomaji afanye hesabu mwenyewe.

Turudi kwa bibi. Alileta sanduku la bati lililokuwa la biskuti, akalifungua kwa bismillahi. Mlikuwa na cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne, picha moja ya mtu mwenye tarbushi, Yaasin iliyoliwa na mende pembeni, na nishani ya fedha isiyo na utepe. Walikuwa wakiitoa siku za Idi kuwaonyesha watoto sura ya mfalme. Nikaigeuza, nikaipeleka ukingo wake kwenye mwanga.

Pana jambo ambalo kila mwenye nishani ya zamani nyumbani yafaa alijue. Nishani za vita vya 1914 hadi 1918 zilichorwa ukingoni: namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Za vita vya pili Waingereza hawakuzichora, kwa hiyo ile aliyorudi nayo babako kutoka Burma haitakwambia kitu. Lakini hii ilisema. Kwa zaidi ya miaka mia jamaa hii ilikuwa ikiishika karatasi ya chuma wasijue kwamba ina maandishi. Mjukuu akaleta tochi ya simu, akasoma namba, kisha jina, akanyamaza. Jina halikuwa kama wanavyolitamka wao. Lilikuwa limetiwa herufi za Kiingereza na karani aliyelisikia kwa sikio la kwao.

Hili la majina ndilo linalowapoteza watu wengi katika makaratasi ya zamani. Chukua jina kama Bakhiti. Utalikuta Bakhit, Bakit, Bakhet, Bukheit. Farajalla utalikuta limepasuliwa mara mbili, Farag upande huu na Alla upande huu, na karani akadhani Alla ndiye baba. Anayetafuta kwa herufi moja tu atarudi nyumbani akisema babu hakuandikwa. Ashike namba, kwani katika kikosi majina yangeweza kufanana ila namba ilikuwa ya mtu mmoja.

Na majina yenyewe yana habari zake. Marjani, Rehani, Almasi, Bakhiti, Faraji: kito, ua, bahati, faraja. Sisi watu wa pwani tunayajua majina haya vizuri, ila hatupendi kusema tulikoyajulia. Ndiyo waliyopewa watumwa. Wengi katika askari wale wa Sudani walikuwa vijana waliotekwa makwao, wakaingizwa jeshini, wakapewa jina jipya na dini. Makwao kulikuwa kwingi. Kibera ina Kambi Muru, Kambi Aluru na Kambi Lendu, na haya ni majina ya makabila yaliyoachwa juu ya ardhi baada ya kusahauliwa katika vinywa. Mwenye kutafuta nasaba asianze na maktaba. Aulize kwanza jamaa zake walikaa kambi gani.

Kisha nikaifungua ile Yaasin. Katika ukurasa mtupu wa mwisho palikuwa na mistari mitatu ya wino wa kahawia, herufi za Kiarabu, mkono wa mtu aliyejua kuandika ila si karani. Nyumba nzima ilidhani ni dua. Nikaisoma: amezaliwa mtoto mwanamume, siku ya Ijumaa, mwezi 22 Rajabu, mwaka 1336. Na jina la mtoto lilikuwa la babake bibi.

Kuigeuza tarehe ya Hijria kuwa ya Kizungu si kazi ngumu, vitabu vya falaki vipo, ila yataka hadhari. Mwezi huandama siku moja huku na siku ya pili kule, na kwa Waislamu usiku hutangulia mchana, hata mtoto aliyezaliwa Alhamisi baada ya magharibi ni mtoto wa Ijumaa. Ndiyo maana siku ya juma ni shahidi mkubwa kuliko tarehe. Nilipopiga hesabu nikapata 3 Mei 1918, na nilipotazama kalenda, siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilifurahi kama mtu aliyepata vina vya ubeti uliomtoroka.

Bibi yeye hakushangaa. "Baba alikuwa akisema amezaliwa mwaka wa homa kubwa," akasema. "Mamake alikufa kwa homa ile, naye yuko mgongoni." Homa hiyo ya 1918 iliingia Mombasa kwa meli mwezi Septemba, ikapanda bara kwa reli. Mtoto wa Mei angekuwa na miezi kama sita. Mdomo na karatasi, ambavyo havikuwahi kukaa kikao kimoja, vilitoa ushahidi mmoja.

Yaliyobaki yatapatikana mjini, kwa mwenye subira. Nyaraka za Taifa zimo katika jengo lililokuwa benki zamani, Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Humo hulipa ada ndogo, ukaacha kalamu ya wino nje, ukaingia na penseli. Mafaili yamepangwa kwa mikoa na wilaya, si kwa majina ya watu, kwa hiyo anayekwenda kuuliza "mnaye babu yangu?" atachekwa. Aulize faili za Nairobi zinazohusu Kibera na Wasudani, asome kurasa zote, hata zile za mabomba ya maji. Gazeti rasmi la serikali lililoanza mwaka 1899 siku hizi husomwa hata kwa mtandao, na matangazo yake ya mirathi ni hazina: marehemu nani, alifia wapi, lini, na anayedai ni mwana au mjane. Kuna cheti cha ndoa pia, kwani sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ni ya tangu 1906, ilhali kuandikisha uzazi hakukuwa lazima nchi nzima mpaka 1971. Mtu akimtaka mzee wa Kibera cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1930 anamtaka nywele za kobe.

Magazeti nayo yasomwe, kwa akili. Katika maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, kuna majalada ya Standard, lile lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902. Humo usitarajie kumkuta Mnubi akisifiwa. Walowezi walimkumbuka walipoudhiwa na pombe ya Kibera au walipoitamani ardhi yake. Mimi hupendelea Baraza, la Kiswahili, lililotoka 1939 mpaka 1979. Ndani yake wasomaji waliandika barua wakatia jina na mahali walipo, na jina na mahali ndivyo mtafuta nasaba anavyovitaka.

Na kuna yasiyokuwako. Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na mafaili yapata 1,500 iliyoyahamisha kutoka Kenya wakati wa Uhuru na kuyaficha. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri pia kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikwa popote kwa majina yao. Nilipotoka Olympic nilishukia Kenyatta Avenue, nikasimama mbele ya sanamu ya askari watatu iliyowekwa mwaka 1928. Imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na inaahidi kwamba mtu akiifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Niliizunguka yote. Haina jina hata moja.

Lakini sisi wenye nasaba ndefu tusijivune. Mwambao pana nyumba zenye shajara iliyotiwa fremu, inayopanda mpaka Hadhramaut au Shirazi bila kupepesa, na humo hakuna mwanamke mmoja. Bibi zetu walionunuliwa wamefutwa na wino wetu wenyewe, si wa karani Mwingereza. Nami majina yangu saba ya chuoni yote ni ya wanaume, na sikuliona hilo mpaka nilipokaa katika mkeka wa Kibera.

Maana mjukuu yule, alipomaliza kunakili namba ya nishani na ile tarehe ya Rajabu, aliuliza: mama wa mtoto huyu je, aliyekufa kwa homa? Yaasin haikumtaja. Nishani haikumjua. Cheti cha ndoa kilikuwa cha mke wa pili. Bibi aliufunga mfuniko wa bati, akalitaja jina taratibu, mara mbili, jina ambalo si la Kiarabu wala la Kiswahili, na si langu kulitangaza gazetini.

"Laandikwaje?" mjukuu akauliza.

Bibi hakujua. Hakuwahi kuliona, alilisikia tu kwa babake. Tukalijaribu mara tatu, mimi kwa herufi zangu na msichana kwa zake, bibi akitusikiliza tunavyolisoma, mpaka akasema hapo, hapo sasa mmelipata.