Lobito, kule mukuba wetu unakoonea bahari

Kila mutu wa Kolwezi anajua mukuba unatokea wapi. Wachache ndio wameona mahali unapopandia meli. Siye badelege ba sendika tulifika Lobito, mu Angola, wakati wa konje, pamoja na babibi na batoto.

Anzeni na Restinga. Ni ulimi mrefu wa muchanga: huku bahari kubwa, huku ghuba na bandari. Nyumba za zamani za Baportugali zingali zinasimama, na samaki ya kuchoma unaikulia palepale. Maji iko baridi kuliko tulivyowaza, sababu ya mkondo wa Benguela unaotoka kusini. Muzee wetu moja, miaka 31 mu kariyeri, aliingia na viatu. Hakutaka kungoja.

Benguela iko karibu kilometa 30, njia ya Catumbela, na plaji yake Praia Morena iko mu muji kabisa. Nusu siku inatosha.

Jioni tuliangalia meli. Reli ilifika mpaka wa Katanga karibu 1929, vita ya 1975 ikaikata, leo inabeba mukuba tena. Kutoka Lobito mpaka Luau ni kilometa 1,344, na kule Angola basafiri bako na treni yao. Upande wetu mpaka Dilolo, mukuba uko na vagon, siye tulikaa juu ya mifuko ya lori, batoto wakikohoa vumbi. Kwa hiyo mu mazungumuzo yanayokuja tutaweka ku meza: konje na tiketi ya jamaa nzima.