Kila Mtu na Kibaba Chake

Ukipita asubuhi katika soko la Tandika, Temeke, au la Tandale, Kinondoni, ukawauliza watu watano kama bei za vitu zitapanda mwakani, yamkini utapata majibu matano. Wote waishi katika mji mmoja, watumia shilingi moja, na unga waununuao ni ule ule. Kwa nini basi kila mmoja auone mwaka ujao kwa jicho lake? Jambo hili lafaa kufikiriwa, kwa maana halikomei katika maneno ya barazani.

Tuanze na umri. Mzee aliyekuwa na watoto wa kulisha miaka ya mwanzo ya 1980 alipanga foleni ya sukari na sabuni, akala na unga wa njano ambao watu waliuita yanga. Mwaka 1984 mfumuko wa bei ulipita asilimia 30. Mzee huyo, hata leo, akisikia kuwa sukari imepanda kidogo, moyo wake humrudisha foleni. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kijana wa bodaboda hakuyaona hayo. Mwishoni mwa mwaka 2011, mfumuko ulipokaribia asilimia 20, yeye alikuwa mtoto akila cha wazazi. Bei aijuayo sana ni ya petroli, ambayo EWURA huitangaza kila mwezi. Kwa hiyo hiyo ndiyo imwambiayo kama kesho ni nzuri au mbaya. Wataalamu Ulrike Malmendier na Stefan Nagel, walioichunguza Marekani, walieleza mwaka 2016 kwamba mtu huzipa bei alizokutana nazo maishani mwake uzito mkubwa kuliko historia aliyoisikia tu.

Yako pia majukumu ya nyumbani. Mume akiacha pesa ya matumizi mezani, akaondoka, yeye ajua kuwa pesa ni ile ile ya mwezi uliopita. Mkewe ndiye ajuaye kuwa fungu la nyanya lililokuwa na tano sasa lina nne. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa wanawake hutazamia bei kupanda zaidi kuliko wanaume. Lakini katika nyumba ambamo mume naye huenda kununua chakula, tofauti hiyo hutoweka. Si tabia ya kike, basi, ni kikapu.

Na kipato je? Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima bei za vitu vingi, na ndani ya kipimo hicho chakula hakifiki theluthi moja. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 3 kidogo tu, chini ya asilimia 5 ambayo Benki Kuu hulenga isivukwe. Lakini mama ntilie wa Mbagala, ambaye pesa yake karibu yote huishia kwenye mchele, maharage, mafuta na mkaa, hali wastani wa taifa. Mchele ukipanda, kwake vyote vimepanda. Asidhaniwe kuwa hajui hesabu. Hesabu yake ni ya kibaba chake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, hofu ina nguvu ya kuzaa kile kinachohofiwa. Mwenye nyumba akiamini kuwa shilingi itapungua thamani, hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima, tena kwa nyongeza. Mwenye duka huzuia magunia stoo akingoja bei nzuri. Wanunuzi nao, kwa kuogopa, hununua ya miezi miwili, na soko huwa tupu kabla ya wakati. Atakayeumia kwanza ni yule asiye na akiba ya kununua mapema.

Kwa hiyo wenye kutangaza takwimu hawana budi kuzisema kwa lugha ya sokoni: unga umepanda kiasi gani, mkaa umepanda kiasi gani, na kwa sababu gani. Nasi wananchi yatupasa kuandika matumizi yetu katika daftari, tupate kutofautisha bei iliyopanda kweli na bei iliyopandishwa na uvumi. Na baba wa nyumba, angalau mara moja kwa juma, na akichukue kikapu aende sokoni mwenyewe.